Musambi wa kwetu na ndugu yake mweusi

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya nyumba na ya ndoa, tunashuka bondeni kutazama ndege. Sababu ni hii. Katika mkutano mmoja wa vijana, foto iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani ilipita toka mkono hata mkono. Ilionyesha ndege mrefu, wa miguu myembamba, mwenye taji ya dhahabu kichwani. Kijana mmoja, mzaliwa wa Rutshuru, akasema: "Huyu ni musambi. Kwetu tulikuwa tunawaona kila asubuhi mashambani." Mwenzake, ambaye mjomba wake alifanya biashara miaka mingi kule Tchad, akakataa: "Hapana, ndugu yangu. Huyu siye. Angalia shavu." Wakabishana mpaka mama wa kwaya akawaomba wapunguze sauti.

Yule wa pili alisema kweli. Ndege wa kalenda hakuwa musambi wa kwetu. Alikuwa ndugu yake. Wanafanana kama watoto wa mama mmoja, lakini nchi yake ni nyingine, sauti yake ni nyingine, hata mateso yake ni mengine. Tena jambo hili si la kubishania tu kwenye mkutano wa vijana. Mmoja kati ya hao wawili yuko katika hatari kubwa kuliko mwenzake, na ni yule ambaye sisi tunadhani yuko salama kwa sababu tumemzoea.

MAJINA YAO

Kwa Kiswahili cha vitabu ndege hawa huitwa makorongo wenye taji. Lakini neno korongo ni pana mno. Watu hulitumia kwa karibu kila ndege wa miguu mirefu anayesimama majini, na hapo mtu hajui tena unasema juu ya nani. Ndiyo maana mimi napenda jina letu la Rutshuru, musambi. Wanyarwanda wanamwita umusambi, Waganda wanamwita ng'aali. Ukilitamka hilo jina la Kiganda kwa nguvu, puani, utasikia karibu sauti ya ndege mwenyewe.

Wataalamu wa dunia wamewapa majina ya Kilatini. Ndugu yake mweusi ndiye aliyeandikwa kwanza, na Linnaeus wa Sweden, mwaka 1758. Alimwita jina lenye maana ya "anayefanana na tausi". Musambi wa kwetu alingoja mpaka mwaka 1834, Mwingereza Bennett alipomwandika kwa jina Balearica regulorum. Hilo neno la pili maana yake ni "wa wafalme wadogo", nafikiri kwa sababu ya taji. Lile la kwanza, Balearica, linatoka kwenye visiwa vya Balearic vya Uhispania, ambako makorongo hawa hawaishi hata mmoja! Majina ya wenye elimu nayo yana vituko vyake.

Duniani kote kuna aina 15 za makorongo wa jamaa hii. Wenye taji ya namna hii ni wawili tu, na wote wawili ni wa Afrika peke yake.

ANGALIA SHAVU

Kwa mbali utasema ni ndege mmoja. Kimo chao ni karibu metre 1, uzito wao ni kama kilo 3 mpaka 4. Dindo dume aliyenona anawapita uzito, ingawa wao wanamshinda urefu. Paji la uso ni jeusi na laini kama kitambaa cha mahameli. Taji ni manyoya magumu, membamba, yaliyosimama kama ufagio mdogo uliofunguka. Wakiruka, weupe mwingi unaonekana kwenye mabawa. Dume na jike wanafanana. Dume anazidi kidogo tu kwa ukubwa.

Sasa karibia. Shingo ya musambi ni ya kijivu, rangi ya majivu ya jikoni asubuhi. Shingo ya ndugu yake ni nyeusi nyeusi. Ninyi watu wa Goma mtaielewa rangi hiyo vizuri: ni ile ya mawe yetu ya volkano yaliyonyeshewa na mvua.

Kiisha tazama shavu, kama kijana yule alivyosema. Musambi ana shavu jeupe, pana, na alama nyekundu iko juu ya ule weupe. Kwa korongo mweusi mambo yamegeuzwa: weupe uko juu na wekundu uko chini. Wale wa Afrika ya magharibi wana wekundu nusu ya chini tu. Wale wa Sudan na Ethiopia wekundu wao unapanda zaidi na kula sehemu ya weupe. Tazama na koo. Musambi ana ngozi nyekundu inayoning'inia kooni kama ya jogoo. Mweusi anayo pia, lakini ni ndogo hata mtu anaweza kuipita bila kuiona.

Ukisahau yote, shika shavu. Musambi wekundu juu, mweusi wekundu chini. Lakini usimpime mtoto kwa kipimo hicho. Vifaranga na ndege wachanga wa pande zote mbili wana rangi ya udongo udongo, taji yao bado fupi, na shavu lao halijapata rangi yake.

Kuna na sauti. Makorongo wengine wa dunia wana bomba la pumzi refu linalojikunja ndani ya kifua kama tarumbeta ya fanfare, na ndiyo maana kilio chao husikika mbali sana. Hawa wetu wenye taji hawana mkunjo huo. Wanalia kwa sauti ya puani, ya huzuni kidogo. Musambi ana na kilio kingine: anajaza hewa ile ngozi nyekundu ya kooni, anainamisha kichwa, anatoa mvumo mzito kama mtu anayepuliza mdomoni mwa chupa. Wataalamu walipolinganisha sauti za ndugu hawa wawili, na baadaye damu yao, ndipo walipokubaliana kuwaandika kama aina mbili. Zamani vitabu vingi viliwahesabu kuwa aina moja yenye rangi mbili.

Jambo moja wanalo wote wawili, na makorongo wengine 13 wa dunia hawanalo: wanaweza kulala juu ya miti. Wana kidole kirefu cha nyuma kinachoshika tawi. Wengine hao hulala wamesimama majini au chini ardhini. Wenye elimu ya mifupa wanasema hii ni alama ya ukoo wa zamani sana. Mifupa ya jamaa zao imechimbwa hata Ulaya na Amerika ya Kaskazini, toka nyakati ambazo nchi hizo zilikuwa na joto. Baridi ilipokuja, ukoo wa taji ulibaki Afrika tu.

KILA MMOJA NA NCHI YAKE

Chukua karta ya Afrika. Korongo mweusi anakaa ule mkanda wa nchi kavu ulio chini ya jangwa la Sahara, kuanzia Senegal na Gambia, kupita Mali, Niger, Nigeria, Kamerun na Tchad, mpaka Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia. Musambi anaanzia Kenya na Uganda, anashuka Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, Tanzania, Zambia na Zimbabwe mpaka Afrika ya Kusini. Mahali wanapokaribiana ni kaskazini ya Kenya, pande za ziwa Turkana.

Kwetu Kivu ya Kaskazini makao yake makubwa ni uwanda wa Rutshuru, Rwindi na Ishasha, kandokando ya ziwa Edouard, ndani ya Parke ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Lakini musambi hajafungwa ndani ya parke. Anapenda mahali ambapo bonde la maji linapakana na majani mafupi na mashamba. Bondeni anajenga kiota, kwenye majani anatafuta chakula, na mashambani vilevile. Anakula mbegu, ncha za majani, panzi, minyoo, vyura. Ana ujanja wa kupigapiga miguu chini kwa haraka ili wadudu waruke, naye anawadaka. Anapenda pia kufuata ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wanamfanyia kazi hiyo hiyo bure.

Mkulima naye ana neno lake, na sitaki kulificha. Mama aliyepanda mahindi au karanga, akija asubuhi akakuta makorongo 30 wanafukua mbegu, hatawaimbia wimbo. Katika nchi kadhaa za Afrika ya mashariki na ya kusini watu wametega sumu mashambani, na sumu haichagui. Kule Kenya na Uganda tena nyaya za umeme zinawaua, maana ndege mkubwa hivi hawezi kukwepa upesi akiziona karibu.

Lakini jambo linalowaumiza zaidi ni kuisha kwa mabonde ya maji. Ninyi mnaokaa karibu na machimbo hamhitaji mtaalamu wa kuwaeleza. Mmeona maji ya kusafishia coltan au dhahabu yanavyotoka mekundu, yanavyobeba mchanga na udongo, na yanavyoutua chini kwenye bonde tambarare mpaka matete yanazikwa. Ongeza mifereji ya kukausha bonde ili kulima, ongeza udongo wa kufyatulia matofali. Sisemi mtu asichimbe. Kanisa letu limejaa wachimbaji na wake zao, na watoto wao wanasoma kwa feza hiyo. Nasema tu kwamba musambi hana mahali pengine pa kutaga.

Korongo mweusi yeye alipigwa na ukame. Miaka ya 1970 na 1980 Sahel ilikauka vibaya, mabwawa makubwa yalijengwa kwenye mito, na vinamasi vingi vikapungua. Nigeria ilimchukua kuwa ndege wa alama ya taifa, lakini leo porini mwa Nigeria karibu ametoweka. Kule Mali, pande za mto Niger, watu wanawakamata na kuwauza au kuwafuga uani. Kwa hesabu ya mwaka 2004, korongo weusi walikadiriwa kuwa kati ya 43,000 na 70,000, wengi wao wakiwa pande za Sudan na Ethiopia. Mwaka 2010 Shirika la dunia la kulinda viumbe, linaloitwa IUCN, lilimweka katika daraja la ndege walio hatarini.

Sasa sikia hesabu ya musambi. Mwaka 1985 walidhaniwa kupita 100,000. Mwaka 2004 walikuwa wamebaki kama nusu yao. Hesabu zilizofuata zikashuka tena. Mwaka 2012 IUCN ikampandisha daraja: hatari kubwa zaidi, juu ya ile ya ndugu yake mweusi. Huyu ndiye ndege aliye kwenye bendera ya Uganda tangu 9 Oktoba 1962, ameinua mguu mmoja kama anayetaka kwenda mbele. Timu ya mpira ya taifa inaitwa kwa jina lake. Mtoto wa Bunagana amemwona juu ya mlingoti toka alipojua kutembea. Tumemwona sana kwenye kitambaa, na hiyo imetufanya tusitazame bondeni.

MIEZI MITATU YA CHINI

Makorongo hawa huishi wawili wawili, dume na jike, miaka na miaka. Wanacheza ngoma pamoja: wanainamisha vichwa, wanaruka juu, wanafungua mabawa. Vijana ambao bado hawajapata wenzi wanacheza, wazee wenye watoto wanacheza pia. Kiota ni rundo la matete na majani yaliyokanyagwa katikati ya maji. Musambi anataga mayai 2 au 3, mara chache 4, na hilo ni jingi kwa ukoo wa makorongo, maana wengi wa wengine hutaga 2 tu. Baba na mama wanalalia kwa zamu kama mwezi mmoja. Vifaranga wakitoka, siku hiyo hiyo au kesho yake wanatembea na kuogelea.

Kutembea wanajua upesi, kuruka hawajui. Inachukua kama miezi 3 kabla bawa la mtoto halijapata nguvu. Katika miezi hiyo 3 familia nzima iko chini, majini na majanini. Wazazi wanaweza kuruka lakini watoto hawawezi, na mtoto mwenye mbio na mbwa anaweza kuwakamata wote kwa asubuhi moja. Kwa hiyo makorongo wengi mnaowaona wakitembea kwenye bustani za hoteli na nyumba za wakubwa walianza hivyo. Hawakuzaliwa hapo. Waliondolewa bondeni wakiwa na ukubwa wa kuku, wakatiwa ndani ya kikapu, wakauzwa.

NDEGE WA LUPANGO

Katika kambi moja ya machimbo nilipelekwa kumsalimu ndugu mmoja aliyefanikiwa katika biashara ya mawe. Lupango lake lilikuwa na ukuta, geti la chuma, na katikati musambi mmoja, amesimama kwenye changarawe. Bawa lake la kuume lilikuwa limekatwa.

"Baba Pasta," akaniambia, "unaona huyu? Wageni wakiingia wanamwangalia yeye kwanza."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Walikuwa wawili. Mmoja alikufa wakati wa kiangazi."

Mtoto wake wa kike, wa miaka kama 8, akaingilia: "Pasta, jioni iko nalia. Iko nalia na kuangalia juu."

Baba yake akacheka. Mimi sikuona la kuchekesha, lakini nilikuwa mgeni, nikanywa chai yangu. Baadaye, tulipobaki wawili, nikamwuliza kama ndege huyo alikwisha kutaga. Akasema hata siku moja, na kwamba muuzaji alimwahidi vifaranga vya kuuza. Hapo nilimweleza jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Korongo aliyekatwa bawa, aliye peke yake, au hata wawili juu ya changarawe bila maji na matete, ni nadra sana kuzaa. Unaponunua mmoja hujaanzisha ufugaji kama wa kuku au wa bata. Umemtoa ndege mmoja kwenye hesabu ya bondeni, basi. Na hata kama hakufa, kwa ukoo wake ni sawa na aliyekufa.

Alinyamaza. Kiisha akaniambia jambo lingine, kwa sauti ndogo: jirani mmoja alikuwa amemwomba manyoya ya taji, na yai kama litapatikana, kwa ajili ya dawa. Nilijua ni dawa gani. Uganda na kwetu pia kuna watu wanaoamini kwamba, kwa kuwa dume na jike wa musambi hawaachani, ukimpa mume au mke kitu cha mwili wa ndege huyo, naye hatakuacha. Imani hiyo imekula mayai mengi. Mimi nimekaa na watu wa ndoa zenye shida zaidi ya miaka 15, na nawaambia kwa upole: mume asiyerudi nyumbani siku ya posho, yai la ndege halitamrudisha.

Ni ajabu namna imani za watu zinavyoweza kuharibu na kulinda pia. Pande zingine za Uganda wazee walifundisha kwamba ukimwua korongo mwenye taji, wenzake watakuja kukusanyika nyumbani kwako, wamlilie, na kuangusha majani juu ya nyumba mpaka msiba uingie. Sitaki mtoto yeyote wa kanisa aogope msiba wa namna hiyo. Lakini naweza kuelewa kwa nini bonde la wazee wale lilikuwa na ndege kuliko letu.

NG'AMBO YA MPAKA

Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na shida hii hii ya ndege wa lupango, tena kubwa. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake, wakisaidiana na serikali, walianza kuwaomba wenye ndege waje wajiandikishe. Neno la muhimu lilikuwa hili: aliyejitokeza mwenyewe hakuadhibiwa. Nadhani bila hilo wangepata ndege kidogo tu, maana mtu anayeogopa faini anamficha ndege nyuma ya nyumba, au anamchinja usiku.

Zaidi ya makorongo 200 walipatikana. Waliochunguzwa na kuonekana wana afya, ambao manyoya ya bawa yangeweza kuota tena, walipelekwa parke ya Akagera, mashariki ya nchi. Manyoya yaliyokatwa kwa mkasi huota upya ndege anapobadili manyoya yake, kama nywele zako zinavyoota baada ya kinyozi. Lakini wengine walikuwa wamekatwa mfupa. Bawa la namna hiyo halirudi. Hao walitengenezewa bonde lao pembeni ya Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village, ambako wanaishi zaidi ya 50 na watu wanaweza kwenda kuwaona.

Wakati huohuo walianza kuhesabu wale wa porini, nchi nzima, kwa siku chache na kwa ndege ya angani. Mwaka 2017 walipata 487. Kufikia mwaka 2023 hesabu ilikuwa imepita 1,000. Bonde la Rugezi, kaskazini, ndilo moja ya makao yao makubwa. Vijana wa vijiji vya kando ya bonde walifundishwa kulinda viota na kuandika wanachokiona, na shuleni watoto walifundishwa juu ya ndege huyo. Kazi hiyo haikuhitaji mashine kubwa. Ilihitaji watu wanaokaa karibu na bonde, daftari, na mtu wa kuyasoma madaftari hayo.

Najua mtu atasema: "Pasta, kule kuna amani, huku tunakimbia vita kila mwaka, nani atahesabu ndege?" Swali hilo lina uzito wake. Aliyelala shuleni na watoto wake juu ya turubai hawezi kuambiwa habari za korongo kwanza. Lakini si kila bonde liko vitani kila siku, na makosa mengi niliyoyaeleza hayafanywi na vita. Yanafanywa na kikapu, mkasi na mnunuzi mwenye feza. Mnunuzi huyo mara nyingi anakaa mjini au kambini, na Jumapili yuko pamoja nasi.

UKILETEWA KIFARANGA

Basi, kwa wale wanaoishi karibu na mabonde. Mtu akikuletea kifaranga wa musambi, usinunue hata kama unamhurumia, kwa kuwa feza yako ndiyo itakayomrudisha mkamataji bondeni kesho. Mwulize amemtoa wapi. Kama ni siku hiyo hiyo na mahali panajulikana, arudishwe upesi, aachwe kwenye majani karibu na maji, na watu wote waondoke mbali. Wazazi hukaa karibu wakimwita, na kifaranga ana miguu ya kuwafuata. Kama siku zimepita, msimkate bawa. Chifu wa eneo ajulishwe, au walinzi wa parke walio karibu nanyi.

Kama mnaye tayari kwenye lupango, msifikiri kumfungulia geti tu ni kumsaidia. Ndege aliyekatwa bawa akiachwa barabarani ataliwa na mbwa kabla ya jioni. Acheni manyoya yaote, mpeni maji ya kutosha kuingia miguu yote miwili, majani, na mahali pa juu pa kulala. Halafu tafuteni daktari wa wanyama amtazame.

Na vijana, kwa kuwa ubishi ulianza kwenu: nunueni daftari. Mkiona makorongo wenye taji, andikeni siku, mahali, wangapi, wangapi kati yao ni watoto, na wanafanya nini. Andikeni na rangi ya shavu, hata kama mnadhani mnaijua. Kivu yote ni nchi ya wekundu wa juu. Mkikuta hapa kwetu mmoja mwenye wekundu wa chini, huyo hakufika kwa mabawa yake. Kuna mtu alimfunga Tchad au Sudan akamleta mpaka huku, na hilo nalo liandikwe, pamoja na jina la soko.